Klabu Iliyovizika Viwanda

Jumatano ya tarehe 30 Juni 1937, Wal Handley, mzaliwa wa Aston jijini Birmingham, alipanda pikipiki ya BSA ya cc 500 kwenye uwanja wa Brooklands, kusini-magharibi mwa London. Alikuwa ameshatundika suti yake ya ngozi, na kiwanda cha nyumbani kwao ndicho kilichomshawishi arudi kwa siku hiyo moja. Mafundi wa BSA huko Small Heath waliiandaa injini inywe alkoholi badala ya petroli. Handley alishinda mbio kwa wastani wa maili 102.27 kwa saa, na mzunguko wake wa kasi zaidi ukafika maili 107.57, yaani kilomita 173. Klabu iliyoandaa mashindano ikampa alichostahili kwa kuvuka maili 100: beji ya nyota ya dhahabu, ndogo kiasi cha kukaa kwenye ukosi wa koti.

BSA hawakuchelewa kuona biashara ndani ya ile beji. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wametangaza pikipiki mpya yenye jina la Gold Star, na jina hilo likaja kuwa maarufu kuliko mtu aliyelipata na kuliko klabu iliyolitoa.

Klabu yenyewe ni British Motor Cycle Racing Club. Watu wa mbio hawana subira na jina refu kiasi hicho, hivyo wanaiita Bemsee. Ilianzishwa mwaka 1909 na hadi leo inaandaa mbio za wikiendi kwa waendeshaji wa ridhaa: mafundi bomba, walimu, madereva wa malori, watu ambao Jumatatu asubuhi wanarudi kazini wakichechemea. Viwanda vya Birmingham vilivyoipatia pikipiki zake bora havipo tena. BSA ya Small Heath ilisambaratika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Norton walihama Bracebridge Street, Aston, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Velocette wa Hall Green walifunga milango mwaka 1971. Hizo zilikuwa kampuni zenye wahandisi, wanahisa na maelfu ya wafanyakazi. Bemsee ilikuwa na vibendera, saa za kupimia muda na watu wasiolipwa, na ndiyo iliyobaki kuhudhuria mazishi ya wengine.

Historia yake inaanzia kwenye sheria. Katika Uingereza bara ilikuwa marufuku kufanya mbio kwenye barabara ya umma, na kikomo cha mwendo mwanzoni mwa karne ya ishirini kilikuwa maili 20 kwa saa. Waliotaka kushindana walivuka bahari hadi Kisiwa cha Man, chenye bunge lake na sheria zake. Rem Fowler wa Birmingham alifanya hivyo mwaka 1907, akashinda daraja la injini za silinda mbili katika mashindano ya kwanza kabisa ya Tourist Trophy (TT), juu ya Norton iliyofungwa injini ya Peugeot. Mwaka huohuo tajiri mmoja, Hugh Locke King, alifungua kwenye shamba lake huko Weybridge uwanja wa zege wenye kingo zilizoinuka kama ukuta wa bakuli, mzunguko wake ukiwa na urefu wa maili 2.77. Huo ndio Brooklands. Ulijengwa kwa ajili ya magari, na pikipiki zilikuwa wageni wa kukaribishwa siku moja moja. Wenye pikipiki wakachoka kuwa wageni, wakaunda klabu yao, na mwezi Aprili 1909 wakafanya mashindano yao ya kwanza.

Birmingham ilitambua haraka kwamba uwanja wa Brooklands ulikuwa duka lake. James Norton, mwanzilishi wa kampuni ya Norton, alikuwa amemweka huko fundi wake Dan O'Donovan, ambaye watu walimwita mchawi. Injini zilitoka Birmingham kwa treni, O'Donovan akazifunga moja baada ya nyingine kwenye fremu ileile, akazikimbiza, kisha zikauzwa na cheti. Mnunuzi wa modeli ya BS alihakikishiwa kwa maandishi kwamba injini yake imeshavuka maili 75 kwa saa, na wa modeli ya BRS, maili 70. Fremu hiyo ya majaribio ilihifadhiwa na inajulikana kwa jina la Old Miracle. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa jinsi klabu ya wapenzi na kiwanda cha biashara vilivyoegemeana: cheti kilikuwa na thamani kwa sababu saa ilikuwa mikononi mwa watu ambao hawakuwa wanauza pikipiki.

Watunza saa hao wanastahili kukumbukwa kuliko wanavyokumbukwa. Mbio nyingi za Brooklands zilikuwa za kupeana nafasi: mwenye pikipiki dhaifu alianza mapema, mwenye nguvu akashikiliwa kwenye mstari kwa sekunde zilizokokotolewa, ili kwa nadharia wote wafike mwisho pamoja. Bingwa wa hesabu hizo uwanjani pale alikuwa A. V. Ebblewhite, aliyeitwa Ebby. Mwendeshaji aliyejifanya mzembe kwenye mazoezi ili apewe nafasi kubwa alijua kwamba Ebby ana kumbukumbu ndefu.

Beji ya dhahabu haikuangalia jinsia, na hilo kwa miaka ile halikuwa jambo dogo. Ni wanawake watatu tu walioipata kabla Brooklands haijafungwa. Wa kwanza, Florence Blenkiron, alivuka maili 100 mwezi Aprili 1934. Wa pili, mwaka huohuo, alikuwa Beatrice Shilling, mhandisi aliyeifungua na kuifunga Norton yake mwenyewe, mikono ikiwa na grisi hadi kwenye viwiko. Inasimuliwa kwamba alimwambia mchumba wake, George Naylor, kuwa hakuna ndoa mpaka naye apate nyota. Naylor akaipata, na harusi ikafanyika. Wakati wa vita Shilling ndiye aliyebuni kipande kidogo cha chuma chenye tundu kilichozuia injini za ndege za Spitfire na Hurricane kukata moto zinapopiga mbizi.

Wa tatu, Theresa Wallach, alisubiri hadi 1939, akaifanya kazi hiyo kwa Norton ya cc 350, injini ambayo wengi waliiona ndogo mno kwa kazi hiyo. Desemba 1934 yeye na Blenkiron waliondoka London kwa pikipiki aina ya Panther yenye kigari cha pembeni na tela nyuma, wakavuka Sahara, wakapita Kongo, Uganda, Kenya na Tanganyika, wakafika Cape Town Julai 1935. Kwa hiyo kabla Gold Star ya kwanza haijatoka Small Heath, waendeshaji wa Brooklands walikuwa wameshakula vumbi la Afrika Mashariki.

Vita vilizima kila kitu. Brooklands ilifungwa mwaka 1939, ikageuzwa kiwanda cha ndege, na haikurudi tena kuwa uwanja wa mbio. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 mabomu ya Ujerumani yaliangukia jengo la BSA huko Small Heath na kuua wafanyakazi 53. Kiwanda kiliendelea, na hadi vita vinaisha kilikuwa kimetoa pikipiki za jeshi za M20 zipatazo 126,000. Handley hakuuona mwisho huo. Alijiunga na kikosi cha marubani wa kupeleka ndege kutoka viwandani kwenda vikosini, na mwezi Novemba 1941 ndege aliyokuwa akiirusha kutoka uwanja wa Kirkbride ilianguka. Kwenye Kisiwa cha Man kuna kona inayobeba jina lake mpaka leo.

Klabu isiyo na uwanja ingeweza kufa kimyakimya. Kilichoiokoa ni masalio ya vita vyenyewe: viwanja vya ndege. Nchi nzima ilikuwa imetapakaa njia za zege zisizo na ndege, na Silverstone ikawa mmoja wa viwanja hivyo vilivyogeuzwa vya mbio. Bemsee ikahamishia huko shindano lake kuu, Hutchinson 100, lililoanza Brooklands mwaka 1925. Baadaye, mwaka 1966, ikalipeleka Brands Hatch na kufanya jambo ambalo mpaka sasa wazee wa mbio hulisimulia kwa kicheko: waendeshaji waliamriwa kuuzunguka uwanja kinyume na desturi, hivyo kona zote walizozikariri zikageuka ngeni.

Kwenye viwanja hivyo vya baada ya vita ndipo Gold Star ilipopata enzi yake. Kwa fundi kijana wa Birmingham katika miaka ya 1950, ilikuwa pikipiki ya kwenda nayo kazini siku tano na kushindana nayo Jumamosi, baada ya kung'oa taa na kubadilisha ekzosi. Kila injini ilipimwa nguvu kiwandani na mnunuzi akakabidhiwa karatasi ya vipimo vyake, desturi ambayo O'Donovan angeitambua. Katika mbio za Clubman's za Kisiwa cha Man, zilizowekwa mahsusi kwa wanachama wa klabu wasio na timu za viwanda, washindi wote wa daraja la cc 350 tangu 1949 hadi 1956 waliendesha BSA. Ushindi huo ulizidi kipimo. Shindano likaonekana kama maonyesho ya bidhaa ya kampuni moja, wengine wakakata tamaa, na baada ya 1956 likafutwa. Kiwanda kiliua mbio zilizokuwa zinakitangaza, na sidhani kama ofisini kwao kuna aliyelala njaa kwa sababu hiyo.

Kuhusu kifo cha BSA mengi yameandikwa: Wajapani, mitambo iliyochakaa, wakubwa wasiosikia. Jengo kubwa la Small Heath lilibomolewa mwaka 1977. Mtaa wenyewe haukufa. Familia za Kihindi na Kipakistani, na baadaye Wasomali, zilijaza nyumba zilizokuwa za mafundi. Jina la BSA lilinunuliwa na kampuni ya Kihindi, na Desemba 2021 Gold Star mpya ya cc 650, inayotengenezwa India, ikazinduliwa Birmingham. Yeyote anayejua jinsi Hero, Bajaj na TVS zilivyotawala vituo vya bodaboda kutoka Kigoma hadi Mombasa hatashangaa pikipiki nyingine ya India ikishuka mjini.

Jiji lenyewe lilijaribu kuwa mwenyeji wa mbio za magari. Lilipata sheria maalumu ya Bunge mwaka 1985 ili lifunge barabara zake, na kuanzia 1986 hadi 1990 magari ya Formula 3000 yalinguruma Bristol Street na kuzunguka mitaa ya karibu kila sikukuu ya mwisho wa Agosti. Mwaka wa kwanza mabaki ya kimbunga Charley yaligeuza njia kuwa mto. Baada ya mashindano matano halmashauri ikaona gharama hazibebeki, na mbio hizo, zilizoitwa Superprix, zikaisha.

Basi wikiendi ya ridhaa, isiyo na halmashauri wala kiwanda nyuma yake, inasimamaje?

Inaanza na kodi. Viwanja vingi vikubwa vya mbio nchini humo ni mali ya kampuni, na klabu hukodi kwa siku. Fedha zinatoka kwenye ada za waendeshaji wenyewe, kwa hiyo fomu zikirudi chache klabu inakimbia kwa hasara, injini zikiwashwa au zisiwashwe. Mshindi anapata kikombe. Petroli, matairi na gari la kubebea pikipiki ni juu yake. Ijumaa jioni vani zinapakiwa katika yadi za Birmingham kama zinavyopakiwa kwingineko: jenereta, kitanda cha kukunja, matairi ya mvua na ya jua, na ndugu au rafiki mmoja aliyeahidiwa kwamba safari hii hatalazimika kushika spana.

Jumamosi alfajiri kuna foleni mbili. Ya kwanza ni ya kusaini, ambako leseni inaonyeshwa. Ya pili ni ya ukaguzi, na hapo ndipo mgeni anapojifunza kwamba mchezo huu unaongozwa na watu wenye macho makali na vidole vichafu. Mkaguzi anapiga magoti. Anatazama kizibo cha chini cha oili kama kimetobolewa na kufungwa waya mwembamba uliosokotwa, ili kisijifungue kwa mtetemo na kumwaga oili mbele ya wenzake. Anakamata tairi la mbele na kulitikisa kusikiliza beringi. Anaangalia kama mkono wa breki na wa klachi una ncha ya mviringo, kwa sababu ncha kali huchoma mwili wa mtu anayeanguka. Anapitisha kidole kwenye kikinga kilichowekwa pale mnyororo unapokutana na sproketi ya nyuma, kisichoruhusu vidole vya mtu kuvutwa ndani. Kisha anageukia mavazi. Kofia iwe na stika ya dhahabu ya Auto-Cycle Union, chama kinachosimamia mbio za pikipiki Uingereza, ngozi isiwe imechanika, na shingoni kuwe na kisahani cha chuma chenye jina na tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe. Kila mmoja anajua kisahani kile ni cha nini, na hakuna anayekizungumzia.

Baada ya hapo pikipiki hupimwa kelele. Desibeli zikizidi, hakuna mjadala. Ugomvi na majirani ni wa zamani kama mchezo wenyewe. Katika miaka ya 1920 wakazi wa karibu na Brooklands walilalamika mpaka ekzosi kubwa ya kunyonya sauti ikawa lazima, na kila uwanja wa sasa una mtu jirani mwenye nambari ya simu ya halmashauri.

Waendeshaji wapya huvaa kizibao cha rangi ya machungwa juu ya ngozi ili wenye uzoefu wajue wa kuwapita kwa tahadhari. Rangi hiyohiyo ndiyo ya wasimamizi wa njia, jeshi la watu wanaosimama kwenye kila kona tangu asubuhi hadi jioni. Wengi wana kazi nyingine, wengine ni wastaafu, baadhi walikuwa waendeshaji mpaka mifupa ikakataa. Hawalipwi.

Kazi yao inaonekana rahisi mpaka uitazame kwa karibu. Mshika bendera anaangalia pikipiki zinazokuja, na mwenzake anaangalia upande wa pili, hivyo kati yao hakuna kipande cha njia kisicho na jicho. Mtu akianguka, bendera ya njano inapepea kabla vumbi halijatulia, na kuanzia hapo ni marufuku kupitana. Wengine wawili au watatu hukimbilia njiani, lakini si kabla mmoja hajahakikisha kuwa kuna mwanya. Wa kwanza kufika anakwenda kwa mtu, wa pili kwa pikipiki. Oili ikimwagika njiani, inatoka bendera ya njano yenye mistari myekundu, kisha unga wa kunyonya na fagio, fagio la kawaida la kufagilia ua. Bendera nyekundu inasimamisha kila kitu. Mshika bendera aliyeganda kwenye kona huku mvua ya Midlands ikimwagika shingoni anatakiwa kuamua katika muda mfupi kuliko wa kusoma sentensi hii, na akikosea, atakayeumia ni mwingine.

Juu yao kuna kanuni moja isiyopindishwa: bila huduma ya matibabu iliyokamilika uwanjani, injini haziwashwi. Gari la wagonjwa likiondoka na majeruhi na hakuna la kuchukua nafasi yake, ratiba inasimama, na watu waliosafiri saa nne wanakunywa chai kwenye vani zao wakitazama anga. Mkuu wa mashindano ndiye anayetangaza hivyo. Ndiye pia anayepokea lawama, na kwa kawaida anazipokea akiwa na redio sikio moja na mwendeshaji aliyekasirika sikio la pili.

Wenye kujua madaraja ya sasa ya Bemsee watakubali kwamba roho ya Clubman's imehamia kwenye Minitwins, mbio za pikipiki za cc 650 za silinda mbili, nyingi zikiwa Suzuki SV650 zilizonunuliwa mkono wa pili na kufanyiwa marekebisho machache yaliyoruhusiwa. Kanuni zimebana matengenezo ili asiye na fedha nyingi asishindwe na mfuko wa jirani, na hapa klabu inaonekana ilijifunza kwa yale ya mwaka 1956: kama wote watapanda pikipiki ileile, heri iwe kwa makubaliano kuliko kwa ubabe wa kiwanda. Mshindi wa daraja hilo haonekani kwenye televisheni. Lakini kwenye kona, nafasi kati ya wa kwanza na wa sita mara nyingi ni urefu wa pikipiki zenyewe tu.

Pikipiki za zamani za Small Heath na Bracebridge Street nazo zina makao. Kilomita chache mashariki mwa jiji, Bickenhill, kuna makumbusho ya taifa ya pikipiki yaliyofunguliwa mwaka 1984 na mfanyabiashara Roy Richards. Tarehe 16 Septemba 2003 moto uliteketeza sehemu kubwa ya majengo na pikipiki zipatazo 380. Nyingine zaidi ya 300 zilinusurika kwa sababu wafanyakazi na wageni waliokuwapo walizisukuma nje kwa mikono, moja baada ya nyingine, kabla paa halijashuka. Mwishoni mwa 2004 milango ilifunguliwa tena, na nyingi ya zilizoungua zikarudishwa na mafundi bolti kwa bolti.

Gold Star na Manx Norton zisizo kwenye makumbusho bado zinashindana katika mbio za pikipiki za zamani, Mallory Park na Cadwell Park. Zinapita kwenye ukaguzi uleule: waya kwenye kizibo cha oili, kisahani shingoni, desibeli. Wamiliki wake hulalamikia kipimo cha kelele kuliko kitu kingine chochote, wakidai kwamba Handley hakuwahi kuulizwa. Mkaguzi aliyewahi kusoma historia huwakumbusha kuwa mwaka 1937 ekzosi ya Brooklands ilikuwa lazima, kisha anawarudisha nyuma ya foleni.